Utomvu Ndani ya Soketi

Amplifaya ya kijiji cha Kabihunge ilikuwa imelazwa kifudifudi juu ya meza ya ofisi, nyaya zake zikining'inia mpaka sakafuni, na bado ilikuwa inanuka moshi. Inspekta Rutashobya aliizunguka bila kuigusa. Alikuwa ametoka Bukoba asubuhi hiyo na Koplo Byabato katika Land Rover yenye breki za wasiwasi, na hakuwa na haraka ya kusimuliwa mambo ambayo angeweza kuyaona mwenyewe.

"Ndugu Inspekta, hapo hakuna cha kuchunguza," alisema Kagaruki, katibu wa kijiji. "Mtu wenyewe tunaye. Tumemfungia ghalani tangu jana. Mkutano mkuu wa kijiji ni alasiri hii, wananchi watamfukuza yeye na mama yake, kisha mmchukue mkamshitaki. Ni hujuma tupu."

Kagaruki alikuwa mwanamume wa kutazamika, koti la kijivu, kalamu mbili mfukoni. Alipowapokea wageni asubuhi alikunja ngumi akawapa kifundo cha mkono badala ya kiganja, akiomba radhi kwamba alikuwa akijaza kandili na mikono yote inanuka mafuta ya taa. Na kweli ilinuka. Tangu hapo alikuwa ameitia mifukoni, hakuitoa.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Jana ilikuwa Saba Saba. Watu walikuja Kabihunge kutoka pande nyingi za Muleba, na mgeni wa heshima alikaa mbele kabisa. Kwaya ya kijiji ilipanda jukwaani, na Klaudia, mke wa Katibu, akaanza kuimba peke yake. Alipofika ubeti wa pili, sauti ikakatika. Protase, fundi wa redio aliyekuwa akiitunza mashine, akakimbia kwenye amplifaya na kusukuma plagi. Cheche, moshi, kimya. Mgeni wa heshima akahutubia kwa koo lake mwenyewe, na waliokaa nyuma hawakuambulia kitu. Wakati ule watu walikuwa wakihamishwa kutoka vibanja vya baba zao, mashamba yao ya migomba na kahawa, kwenda vijiji vipya, na Protase alikuwa miongoni mwa wa mwisho kukubali kuhama. Ikitajwa hujuma, nani angemtetea?

"Leteni fundi," alisema Rutashobya. "Na vifaa vyake vyote."

Protase aliingia akiwa bado na shati jeupe la sikukuu, sasa lina masizi na alama za magunia ya kahawa aliyolalia. Alikuwa mrefu, na alisimama ameinama kidogo chini ya dari.

"Jumamosi uliitengeneza mashine hii," alisema Rutashobya. "Usinisimulie. Fanya vilevile ulivyofanya, mbele yangu."

Protase alichukua bisibisi.

"Hii soketi ndiyo ilikuwa inacheza, waitu," alisema kwa neno la heshima la Kihaya, akionyesha matundu mawili nyuma ya amplifaya. "Moto unatoka kwenye betri ya gari, unapita kwenye plagi, unaingilia hapa. Tunaibeba mashine kwa baiskeli, barabara zenyewe unazijua. Nati ikalegea. Ukigusa waya tu, sauti inakuja na kuondoka. Watu wakawa wanasema mashine imekufa, kumbe ni hapa tu."

"Endelea."

"Nikafungua kifuniko hiki cha bati. Nikakaza nati. Nyaya mbili za ndani zilikuwa zimeanza kuachia, nikazitoa, nikazikwangua, nikazilehemu upya. Kabla ya hapo nilifuta kila kitu kwa petroli. Ukilehemu juu ya uchafu, haishiki."

"Kifuniko nacho ulikifuta?"

"Ndani na nje. Kilikuwa kinang'aa, ungeweza kujitazama ukanyoa ndevu."

"Ukaijaribu?"

"Nikaijaribu. Klaudia aliimba wimbo mzima. Nikaitikisa plagi kwa makusudi, nikagonga meza. Haikukatika hata kidogo."

"Waliokuwepo ni nani?" aliuliza Kagaruki ghafla.

"Kwaya nzima, Ta Kagaruki," alijibu Protase, kwa "Ta" ya kumheshimu mkubwa. "Nawe ulikuwa pale nje."

"Nilikuwa nje," alisema Kagaruki. "Niliwasikia mkicheka."

Rutashobya alimtazama Katibu, kisha akamwashiria Protase aendelee. Skrubu mbili zilitoka, kifuniko kikafunguka, na Protase akabaki amekishika huku kinywa wazi.

"Hii siyo kazi yangu," alisema. "Nati imelegezwa. Tazama waya mwekundu. Lehemu yangu ipo palepale, nzima, haijaachia. Waya umekatika juu yake. Mtu ameupinda, akaurudisha, akaupinda, mpaka ukakatika."

"Na jana?"

"Mtu akiuacha hivi unagusagusa, mashine inafanya kazi kidogo. Spika zikianza kutetemesha meza, unaachia. Nilipoisukuma plagi, waya huu ukaruka ukagusa mwili wa mashine. Ndiyo cheche."

"Fyuzi haikuzuia?"

Protase aliinamisha kichwa. "Fyuzi iliungua mwaka jana. Bukoba hakuna, Mwanza hakuna. Badala yake tuliweka ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara."

"Kwa hiyo aliyeunguza ni wewe!" Kagaruki alisema.

"Mkono ulikuwa wangu, Ta Kagaruki. Lakini mtego sikuutega mimi."

Rutashobya alichukua kifuniko akakipeleka dirishani. Upande wa ndani, pale ambapo mtu angebana kwa dole gumba akilegeza nati, palikuwa na doa la rangi ya kahawia iliyokolea, karibu nyeusi. Alilikwangua pembeni kwa ukucha. Halikuwa grisi, maana lilivutika kidogo kama gundi. Halikuwa masizi. Alilinusa, na bila kutaka macho yake yakaenda kwenye pindo la mkono wa shati lake mwenyewe, palipokuwa na doa la rangi ileile ambalo sabuni zote za Bukoba zilishindwa kuliondoa. Alivuta mkono wa koti akalifunika.

"Ni nini hiyo, Afande?" aliuliza Byabato.

"Utomvu wa ndizi mbichi. Mtu alifungua hapa baada ya Protase, na vidole vyake vilikuwa vinanata."

Hapo Kagaruki alicheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi ni mwanamke! Wewe ni mtu wa huku, Ndugu Inspekta, huhitaji kufundishwa. Hapa kwetu mwanamume hamenyi ndizi."

"Najua."

"Kamuulize Kokuhirwa. Yule ndiye aliyekuwa akiimba peke yake kabla ya mke wangu. Wivu umemjaa mpaka kooni."

"Ndugu Katibu, sasa hivi ulikuwa na hakika ni Protase."

"Wanaweza kuwa wawili," alisema Kagaruki, na mikono yake ikazama zaidi mifukoni.

Rutashobya aliuliza swali moja tu kabla ya kutoka: Jumamosi ofisi ilifungwa saa ngapi? Wote walijibu sawa. Baada ya mazoezi kwaya iliondoka, Protase akaipeleka betri ikachajiwe, na ofisi ikabaki wazi mpaka jioni, watu wakiingia na kutoka kuchukua bendera na viti. Yeyote angeweza.

* * *

Kokuhirwa alikuwa nyuma ya ofisi na wenzake wawili, wamekaa juu ya majani ya migomba, wakimenya ndizi za wajumbe wa mkutano. Alikuwa mama wa makamo, mwili mkubwa, sauti kubwa zaidi. Kisu chake kilikwenda mara moja kutoka ncha hadi ncha na ganda likaanguka jembamba kama utepe. Hakusimama Inspekta alipofika.

"Mwenyewe nimekuwa nikingoja uje," alisema. "Katibu kakwambia nina wivu?"

"Unao?"

"Ee! Ninao, kwa nini nikukatalie? Miaka yote nimeimba mimi. Ukumbi ukijaa, ni mimi. Padre akija, ni mimi. Kaja Klaudia na sauti yake ya sukari, nikaambiwa nisimame nyuma na akina mama wa kuitikia. Nimelala na njaa siku hiyo kwa hasira. Lakini sikiliza, Inspekta. Ningetaka kumkomesha Klaudia, ningemkomesha Klaudia. Mashine imenikosea nini? Mashine ile ndiyo niliyotaka kuimbia!"

Wenzake walicheka. Rutashobya hakucheka, ila alichuchumaa.

"Nionyeshe mikono."

Kokuhirwa akainyoosha yote miwili. Iling'aa. Safi, laini, hakuna doa hata kwenye kucha, ingawa pembeni yake palikuwa na rundo la ndizi zilizomenywa za kulisha kijiji.

"Mafuta," alisema Rutashobya.

"Mafuta kabla ya kisu. Nani hajui hilo?" Alisukuma kwa mguu kikopo kidogo cha mafuta. "Mwanamke wa hapa akinatwa na utomvu, arudishwe kwao akafundwe upya. Hata hawa wenzangu hawanati."

"Kwa hiyo mtu anayenata..."

"Ni mtu asiyejua kumenya. Anashika kisu kama jembe, ndizi inamlilia mkononi, kisha anahangaika kujifuta kwa mafuta ya taa." Alisimamisha kisu. Macho yake yalikuwa yameshuka kwenye mkono wa koti la Inspekta, ambao ulikuwa umepanda alipochuchumaa. "Kumbe! Waitu, wewe huko Bukoba nani anakumenyea?"

Rutashobya alivuta koti. Mke wake alikuwa mwalimu Mwanza na likizo zilikuwa chache. Katika nyumba ya polisi alikuwa akivuta mapazia kabla ya kushika kisu, na hilo halikumhusu Kokuhirwa wala kijiji kizima cha Kabihunge.

"Tuzungumze ya hapa," alisema. "Kuna mwanamume anayeishi peke yake kijijini?"

"Hakuna. Protase ana mama yake, ndiye anayemlisha na kumlea kama yai. Wengine wote wana wake."

"Wote wanalala na wake zao?"

Kokuhirwa alichukua ndizi nyingine, akaigeuzageuza. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka.

"Mimi si mmbeya."

"Sijasema hivyo."

"Klaudia anakuja mazoezini akitokea rweya, kule kwenye nyasi, miguu imelowa umande mpaka magotini. Nyumba ya Katibu iko huku, barabarani, hakuna umande wala nini. Nimemuuliza. Akasema anapita kumsalimia shangazi yake." Alikata ncha ya ndizi. "Tangu baada ya Pasaka anamsalimia shangazi yake. Kila siku. Huo ni upendo gani?"

Rutashobya alisimama akapangusa magoti.

"Na Katibu anasemaje?"

"Katibu? Ukimuuliza habari za nyumbani anasema mke wangu hajambo, amenipikia vizuri sana. Hakuna mwanamume Muleba nzima anayemsifu mkewe kama yeye."

* * *

"Ndugu Katibu," alisema Rutashobya, "saa za chakula zimefika, na nimesikia mkeo ni mpishi hodari. Utaniacha nile hotelini?"

Kagaruki alibadilika rangi. Alisema angetuma chakula kiletwe ofisini. Rutashobya akasema hapana, asisumbuke mtu kubeba. Alisema nyumba haijafagiliwa. Rutashobya akasema yeye ni mtu wa nyumbani tu. Kwa mila za huko, mgeni akishasema hivyo mbele ya watu, mwenyeji afanyeje? Wakaondoka, Katibu akiwa mbele anatembea polepole kama anayepeleka ng'ombe mnadani.

Nyumba ilikuwa nzuri, bati jipya, kibanja kimeshika vizuri. Mlangoni tu Rutashobya alisimama akamtazama mbuzi aliyefungwa kwenye mti wa kahawa. Mbavu zilihesabika. Alikuwa akitafuna kamba yake mwenyewe.

"Klaudia!" Kagaruki aliita kuelekea jikoni. "Mgeni!"

Hakuna aliyejibu.

"Atakuwa amekwenda mtoni," alisema, akaingia ndani haraka. Alirudi na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ya kumkaribishia mgeni, akakifungua, kikawa kitupu. Alikitazama kwa muda kana kwamba kimemsaliti, akakifunga tena.

Rutashobya hakuketi. Alizunguka nyuma ya jiko, Byabato akamfuata. Chini ya migomba palikuwa pametandikwa nyasi na majani makavu, kama inavyopasa. Alitembea mpaka mwisho na kurudi.

"Unatafuta nini, Afande?"

"Maganda. Nyumba inayokula ndizi kila siku, maganda yako wapi? Mbuzi hapewi, angekuwa mnene. Migomba haipewi, yangeonekana. Wewe kwenu mnayapeleka wapi?"

"Kwa mbuzi. Au kibanjani, yawe mbolea."

"Kila mtu. Isipokuwa mtu asiyetaka yaonekane."

Walipata nyuma ya choo, mahali ambapo udongo ulikuwa umechimbwa na kukanyagwa. Byabato alifukua kwa mti. Maganda yalitoka, tabaka juu ya tabaka, ya chini yameoza, ya juu bado mabichi. Byabato aliokota moja akaanza kucheka, maana lilikuwa nene kama kidole na nusu ya ndizi ilikuwa imebaki humo. Mwanamke yeyote anayepita angelitazama mara moja tu na habari ingefika Kashozi kabla ya jua kuzama.

"Usicheke," alisema Rutashobya.

Alipogeuka, Kagaruki alikuwa amesimama kwenye kona ya jiko. Mikono ilikuwa nje ya mifuko. Vidole vilikuwa vimesuguliwa mpaka vikachubuka, lakini kuzunguka kucha na katika mikunjo yote palikuwa na weusi ambao mafuta ya taa yalishindwa kuuondoa.

"Amenoba," alisema. Ni neno la Kihaya. Mke akiondoka kwa hasira akaenda kwa watu wake, anakaa kumsubiri mumewe aje na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, aketi chini, aulizwe kosa lake, aombe radhi, amrudishe.

"Kwa nini hukumfuata?"

"Nikaketi mbele ya shangazi yake, mimi Katibu? Wangeniuliza kosa langu. Ningesema nini? Kwamba nilimkataza kuimba?"

"Ulimkataza?"

"Nilimwambia achague, kipaza sauti au mimi. Akaniuliza kama nimelewa. Kisha akachukua kitenge chake." Alitazama mlango wa jiko. "Ndugu Inspekta, ile mashine inaipeleka sauti yake mpaka kilima cha pili. Wanaume walio shambani wanaacha majembe wanasikiliza. Hata wasiomjua! Nami niko hapa, mume wake, sipati hata 'umeamkaje'."

"Na Protase?"

Uso wa Kagaruki ulikunjamana. "Protase anamwekea kipaza sauti karibu na mdomo. Anakipandisha, anakishusha, anamwambia sema moja, sema mbili. Nilikuwa nyumbani Jumamosi, najimenyea, nina njaa, nikamsikia. Nikaacha kisu nikaenda. Nikasimama nje ya ofisi nikamsikia anacheka. Tangu Pasaka sijasikia kicheko kile! Walipotoka, niliingia."

"Ulitaka kuiunguza."

"Hapana! Haki ya Mungu, hapana. Nilitaka ikatike tu. Asimame pale mbele ya watu, ageuke amtazame yule fundi wake, aone kumbe si fundi kitu. Basi. Ya moto sikuyajua."

"Kisha ukamfungia mwenzio ghalani."

Rutashobya alimwonyesha kile kifuniko cha bati alichokuwa amekifunga kwenye leso.

"Dole gumba lako limebaki humu, limekauka vizuri kabisa. Nikilipeleka likapimwe, watalisoma bila shida."

"Nakubali," alisema Kagaruki upesi. "Nakubali nimeharibu mashine. Nifunge. Lakini nakuomba kitu kimoja, waitu, kwa heshima ya mama yako." Alitazama shimo la maganda, akapunguza sauti kana kwamba migomba ingesikia. "Usiseme nimemenya."

Byabato aligeukia migomba ili asicheke. Rutashobya alifikiria mapazia yake ya Bukoba, akajichukia kidogo, kisha akaufukia ule udongo kwa kiatu.

"Simama mbele ya mkutano useme mwenyewe ulichofanya na kwa nini. Ukisema yote, sitakuwa na haja ya kutaja maganda. Ukimwacha Protase hata nusu dakika katika jina hilo la mhujumu, nitamwaga shimo hili lote juu ya meza ya Mwenyekiti wa kijiji."

* * *

Mkutano ulijaa. Protase aliketishwa chini mbele ya wote, mama yake amesimama pembeni na mzigo wake tayari kichwani, maana alikuwa ameshaambiwa wataondoka. Mwenyekiti alimpa Katibu nafasi asome mashitaka. Kagaruki alisimama akasema maneno machache, midomo ikicheza, na hakuna aliyeyasikia.

"Sauti!" walipiga kelele watu wa nyuma. "Hatusikii huku!"

Mashine ilikuwa ofisini, imekufa. Kagaruki alikohoa.

"Nasema, si Protase. Ni mimi."

"Sauti, Katibu! Nani?"

"Ni mimi!" alipaza. "Mimi ndiye niliyeikata mashine! Protase aliitengeneza vizuri, nikaingia nyuma yake nikakata waya!"

Mzee mmoja akauliza kwa nini, na Kagaruki akajibu akitazama viatu vyake, na watu wa nyuma wakapiga kelele tena, sauti, sauti. Ilibidi aseme mara ya pili, kwa nguvu zote za kifua chake.

"Wivu! Nilimsikia akicheka na fundi, nikamwonea wivu! Nilikuwa na wivu juu ya mke wangu!"

Alipoinua mikono kujifunika uso, ilionekana yote. Wengi walidhani ni grisi ya mashine. Lakini Klaudia, aliyekuwa amesimama katikati ya wanakwaya katika gauni lake la bluu, alisogea mbele hatua kadhaa akaitazama vizuri, na mkono wake ukaenda mdomoni.

Mama wa Protase alitua mzigo. Protase aliinuka, akaenda moja kwa moja ofisini, na baada ya muda mfupi ikaanza kusikika bisibisi yake ikigongana na bati.

Byabato alimfunga Kagaruki pingu na kumpandisha nyuma ya Land Rover. Rutashobya alikuwa akitia kile kifuniko ndani ya bahasha pale Klaudia alipomjia. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko sauti yake.

"Waitu, mikono ya mume wangu imefanya nini?"

"Muulize mwenyewe."

"Ile si grisi. Alikuwa anamenya?"

Rutashobya alikuwa ameahidi, kwa hiyo alishughulika na bahasha. Klaudia alimtazama kwa muda mrefu, na jibu akalipata.

"Tangu Pasaka," alisema. "Peke yake! Na mimi kila Jumamosi nafunga kitenge changu, naketi mlangoni kwa shangazi, nasema leo atakuja. Nilikuwa hata nimemwambia shangazi asimuulize maswali mengi." Aliigeukia Land Rover. "Huyo fundi hata simjui vizuri. Jumamosi alijichoma kidole na ile pasi yake ya kulehemu, akaruka kama chura, tukacheka kwaya nzima. Ndicho kicheko chenyewe alichokisikia?"

"Ndicho."

Klaudia aligeuka akaenda nyuma ya ofisi. Kokuhirwa alimwona anakuja, akamtazama juu mpaka chini, kisha akasogea kumpa nafasi na kumsukumia kikopo cha mafuta. Klaudia alipaka mikono, akachukua kisu. Ilibidi polisi wasubiri ziive. Byabato alilalamika kwamba jua linakwenda na breki hazipendi giza, akaambiwa anyamaze.

Kifurushi kilikuja cha moto, kimefungwa kwa jani la mgomba. "Mpe," alisema Klaudia. "Usimwambie kitu. Ataona." Hakwenda mpaka kwenye gari.

Rutashobya aliketi nyuma na mfungwa wake, akamfungulia mkono mmoja, akamwekea kifurushi magotini. Kagaruki alikifungua. Ndizi zilikuwa na maharage na chumvi ya kutosha, zote laini, zote zimemenywa safi bila kovu hata moja la kisu. Aliinua moja karibu na uso, akaigeuza upande huu na upande ule. Alijua ni mkono wa nani. Machozi yalimtoka palepale, akaila yote, akalamba na vidole, akachukua ya pili. Kisha akaacha kutafuna, akageuka kuitazama ofisi ya kijiji, ambako bisibisi ilikuwa bado inagonga.

"Na Protase?" aliuliza. "Naye amempa?"

Rutashobya alimwambia Koplo Byabato awashe gari.